Kuyafunga Maneno ya Mkamburi

Mwanamke ambaye Wakesho alimwonea wivu alikuwa amezikwa zamani, kabla Wakesho hajaijua nyumba ile wala mtu wake yeyote, na bado kila asubuhi alimtangulia jikoni.

Jumamosi hiyo alimkuta tena. Mshai, binti wa mumewe, alikuwa amesimama mbele ya jiko, kishikwambi amekiegemeza kwenye mkebe wa chumvi, na sauti ya marehemu mama yake ilikuwa ikimwelekeza namna ya kupika kimanga, muhogo wa kupondwa na maharagwe.

"Usiwe na haraka na huo mwiko," sauti ilisema. "Muhogo ukishaiva, mwaga maji yote kabla hujaanza kuponda, la sivyo utakula uji."

"Uji tena, Mama!" Mshai akacheka.

"Naam, uji. Na babako ataula na kuusifia, kwa sababu babako ni mwongo mpole."

Sebuleni, Mwadime naye akacheka. Wakesho alisimama mlangoni na leso yake ya kulalia, akatabasamu, maana hakuna mahali pa kuweka hasira mbele ya watu wawili wanaocheka.

"Nikusaidie kuponda?" aliuliza.

"Hapana, Anti," Mshai alijibu bila kugeuka. "Mama ananielekeza."

Mkamburi alikuwa mtangazaji wa vipindi vya wakulima. Maisha yake yote aliandika: maneno ya kusoma redioni, barua kwa dada yake wa Voi, salamu kwa mumewe, mambo ya siku aliyoyaandika kwa kalamu ya kuandikia juu ya kioo kabla ya kulala. Alipofariki, familia iliyaweka yote kwenye rafu ya nyumba, ghala lao la kidijitali, kama hati hai. Mshonaji, programu iliyokuwa katika kila nyumba milimani siku hizo, iliyakata maandishi yake vipande vipande, kila kipande kikavalishwa lebo: nani aliandika, kwa nani, lini, juu ya nini. Ukiuliza swali, Mshonaji alichagua vipande vinavyofaa, akavishona vikawa jibu, akalisoma kwa sauti iliyotolewa kwenye kanda za redio. Hakuongeza neno la kubuni. Kila neno lilikuwa la marehemu mwenyewe. Mshono tu ndio uliokuwa mpya.

Hilo ndilo lililomuuma Wakesho. Mke mwenza aliye hai huchoka, huunguza chakula, huamka na kichwa kinachouma akanuna kutwa. Huyu hakununa kamwe. Mshonaji alikuwa amepangiwa kuchagua maneno ya upole kwa watoto, kwa hiyo mwaka baada ya mwaka Mkamburi alizidi kuwa mama mzuri, na Wakesho, aliyekuwa akifua, akihudhuria mikutano ya wazazi na kushinda kando ya kitanda Mshai alipougua, alibaki Anti.

*

Kazini Wakesho alikuwa mfungaji wa hati. Nyumba ya Hati ilikuwa juu ya mji wa Wundanyi, na madirisha yake yalifunikwa na ukungu hadi saa nne asubuhi. Jumatatu mteja wake wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyekuja na vitu viwili: hati ya shamba la babu yake, na maelezo marefu aliyoyaandika mwenyewe juu ya kutibu mbuzi.

"Watu wengine wanasema nifunge, wengine wanasema niache hai," mzee alisema. "Hebu niambie wewe, mwanangu. Ipi ni bora?"

"Inategemea unataka ifanye kazi gani, mzee. Hii ya shamba tuifunge. Ikifungwa inabaki kama ilivyo, mistari yake, sahihi zake, hata hilo doa la chai. Mtu akigusa nukta moja muhuri unavunjika, na hakimu yeyote atajua imeguswa."

"Hapo sawa."

"Lakini haitafanya kitu kingine. Kwenye kioo kidogo utaisoma kwa kuisukuma na kidole huku na huku, kama mtu anayechungulia chumba kwa tundu la ufunguo. Haisomwi kwa sauti. Haitafsiriwi. Hakuna anayeweza kuchukua kipande chake akakitumia mahali pengine."

"Na ya mbuzi?"

"Hiyo iache hai. Mfugaji wa Lodwar mbuzi wake akiharisha, atauliza kwa lugha yake, na kipande chako kitamfikia kwa lugha yake, jina lako likiwa chini."

Mzee alifikiri, akikuna kidevu. "Nimeandika mle, 'usimpe chumvi.' Ni juu ya mbuzi mwenye mimba ambaye miguu imevimba. Sasa mtu wa Lodwar akipewa hayo maneno matatu tu?"

"Kipande kina lebo inayosema ni mbuzi gani."

"Na lebo ikidondoka?"

"Hazidondoki sana."

"Sana," mzee alirudia. "Haya. Na nikifunga, halafu nibadilishe nia?"

"Huwezi. Ikishafungwa, nakala iliyo hai inafutwa. Watu walikuwa na hati mbili za shamba moja, hii inasema hivi na ile inasema vile, wakauana kwa mapanga. Ndipo sheria ikakataa hati moja kuwa na ndimi mbili."

Mzee alifunga ile ya shamba, akaacha hai ile ya mbuzi, akaondoka ameridhika. Wakesho alimtazama akiingia kwenye ukungu, na wazo likampitia haraka, kama panya anavyopita ukutani. Alilifukuza.

*

Mwadime alikuwa fundi wa nyavu za ukungu, zile zilizotandazwa juu ya vilele kukamua maji ya mji. Alikuwa mtu wa mikono, si wa maneno. Alipotaka kusema anakupenda, alitengeneza bawaba ya mlango. Wakesho alikuwa amelikubali hilo tangu siku za uchumba, na alikuwa amejifunza kusikia mapenzi katika mlango usiolia.

Ndiyo maana siku yake ya kuzaliwa alipopokea ujumbe kutoka kwa mumewe wakati wa chakula cha mchana, aliusoma amesimama, akaketi, akausoma tena.

*Wewe ni ule moto unaoonekana toka mbali, mtu anaposhuka Vuria na ukungu umemzingira. Njia siioni, lakini ninakokwenda nakujua.*

Alilia. Alimwonyesha Bi. Wawuda, mkuu wake wa kazi, mama mtu mzima aliyekuwa mchache wa kusifu, na hata yeye akasema, "Kumbe yule bwana ana moyo." Jioni Wakesho alimpikia Mwadime kuku, akamkumbatia kwa nyuma alipokuwa ananawa mikono, na Mwadime akaona haya kama kijana.

Kesho yake aliutoa ujumbe ule kuusoma kwa mara nyingine, na jicho lake la kazi likafanya lililozoea kufanya. Likaona mshono. Ulikuwa katikati, pale sentensi ya kwanza ilipokwisha na ya pili kuanza: pumzi mbili tofauti. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Mwadime hajawahi kushuka mlima Vuria kwa miguu. Alikuwa akipandishwa na kushushwa kwa gari la nyavu. Aliyekuwa akishuka kwa miguu, akitoka kurekodi wakulima, ni mtu mwingine.

Alifungua lebo. *Mwandishi: Mkamburi. Kwa: Mwadime.* Vipande vyote viwili.

Hakusema neno mpaka walipomaliza kula na Mshai akaenda kwa jirani.

"Ule ujumbe," alisema. "Uliandika wewe?"

Mwadime aliweka kikombe chini. "Nilimwambia Mshonaji anitafutie maneno mazuri ya mapenzi. Unanijua mimi."

"Akayatafuta wapi?"

"Sijui. Kwenye rafu."

"Kwenye rafu ya nyumba hii kuna nani aliyewahi kuandika mapenzi, Mwadime?"

Aliona kwenye uso wake jambo likifika polepole. Hakujua. Hilo lilimfanya ashindwe hata kumgombeza.

"Lakini nilimaanisha," Mwadime alisema. "Kila neno. Nilipoyasoma nilikuona wewe."

"Yeye aliyaandika akikuona wewe. Umenipa nguo ya marehemu, na bado ina joto lake."

"Wakesho."

"Nililia kwa furaha ofisini, mbele ya watu. Nililia kwa ajili ya maneno yake."

Mwadime alinyoosha mkono juu ya meza. Wakesho aliuacha hapo ulipo, akakusanya vyombo.

*

Kwao Wakesho kulikuwa Taveta. Shule zilipokuwa zinakaribia kufungwa, alimwomba Mshai waende naye wakakae huko kidogo, wao wawili tu. Mdogo wake alikuwa na mitumbwi kwenye Ziwa Chala, na Mshai, aliyeishi maisha yake yote juu ya milima, alitaka sana kujifunza kupiga kafi. Alikubali. Alihesabu nguo. Alimwuliza Wakesho kama maji ya Chala ni baridi, na Wakesho akamwambia baridi yake ni ya kukufanya upige kelele, na kwa mara ya kwanza walicheka wao wawili bila mtu wa tatu.

Asubuhi ya safari, Wakesho alikuta mkoba wa Mshai umefunguliwa na nguo zimerudishwa kabatini.

"Siendi, Anti."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nilimwuliza Mama. Mama amekataa."

Wakesho aliweka mkoba wake chini. "Amesemaje?"

Mshai alisita. Kisha, kwa sababu hakuwa mtoto wa kuficha mambo, alikigusa kishikwambi, na Mkamburi akazungumza kwa sauti ile ile ya jikoni, laini na yenye kicheko kwa mbali:

"Usiende naye popote. Huyo anatabasamu kwa meno, moyo wake hauko hapo. Alikuja akitafuta mahali pa kuishi tu. Ukimpa ufunguo leo, kesho utamwomba ruhusa ya kuingia kwako mwenyewe."

Mshai alikuwa ameinamisha kichwa. "Sisemi ni kweli, Anti," alisema. "Lakini Mama hanidanganyi."

Wakesho hakwenda Taveta. Alikwenda kazini, siku yake ya likizo, akaingia kwenye rafu ya nyumba yake na kutafuta kipande kile. Hakikumchukua muda. Ilikuwa barua ya Mkamburi kwa dada yake wa Voi, juu ya mwanamume mmoja aliyetaka kupanga duka lao sokoni, alale humo humo, na kumwalika dada aende naye Mombasa kununua bidhaa. Lebo ya *juu ya nani* ilikuwa tupu. Ilidondoka walipohamisha rafu kutoka nyumba ya zamani. Mshonaji aliulizwa na mtoto kama aende safari na mtu aliyekuja kuishi nyumbani kwao, akatafuta, akapata, akashona.

Kurekebisha ilikuwa kazi ndogo. Andika jina la mpangaji kwenye lebo, hifadhi, na kipande kile kisingeshonwa tena mahali pasipokihusu. Kisha amwite Mshai, amwonyeshe barua nzima. Wakesho aliandika herufi mbili za kwanza za jina la yule mtu.

Akaacha.

Alitazama upande wa kulia wa kioo, mahali palipokuwa na vifungo ambavyo kila siku alivibonyeza kwa ajili ya watu wengine. *Funga kipande. Funga hati. Funga rafu ya mwandishi.*

Bi. Wawuda alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai ya tangawizi. Alikuwa amesoma kioo; wafanyakazi wa pale hawakuwa na namna ya kutosoma.

"Lebo imedondoka," Bi. Wawuda alisema.

"Imedondoka. Na mtoto ameambiwa na mama yake kwamba mimi ni tapeli."

"Basi ivalishe."

"Na kesho itadondoka nyingine. Bi. Wawuda, kuna vipande maelfu humu. Huyu mtoto anaongea na kitu kinachookota maneno ya mama yake na kuyatupa popote. Si haki kwake. Si haki hata kwa marehemu. Hakuyasema haya juu yangu. Anasingiziwa."

"Hiyo ni kweli," Bi. Wawuda alisema. "Kama ni hati za mteja, akaja na jambo hili hili, ungemshauri afunge rafu nzima?"

Wakesho aliendelea kutazama vile vifungo.

"Sheria inakuruhusu. Mtu mzima yeyote wa nyumba ana haki juu ya rafu ya nyumba. Sikuulizi sheria." Alipuliza chai yake. "Ukiwa na sababu nzuri na sababu mbaya, na zote mbili zinakusukuma upande mmoja, hutajua kamwe ni ipi iliyokuwa na nguvu. Mimi ningengoja mpaka moja ichoke."

Akarudi ofisini kwake akaacha mlango wazi.

Wakesho alikaa. Alijiambia juu ya mtoto. Alijiambia juu ya heshima ya marehemu, na kila alichojiambia kilikuwa kweli, angeweza kukisema mbele ya wazee wa kanisa bila kupepesa macho. Lakini chini ya ukweli huo wote alimsikia Mkamburi akicheka jikoni, na akaliona chozi lake lilivyodondoka siku aliposoma juu ya moto wa Vuria na kudhani ni wake.

Akabonyeza kifungo cha mwisho. Mashine ilimwuliza kama ana hakika. Akaweka kidole gumba.

Kazi ilichukua muda kuliko alivyodhani. Vipande vilirudi kila kimoja mahali pake pa asili, kurasa zikajipanga kwa tarehe, mwandiko wa kalamu ya kioo ukarudi ulivyokuwa, na muhuri ukapigwa. Kisha ile nakala hai ikafutwa. Hakukuwa na sauti yoyote. Wakesho alikuwa amelifanya jambo hilo kwa hati za watu wengi, na hajawahi kukisikia kimya chake.

*

Aliwakuta wote wawili sebuleni. Mshai alikuwa ameketi sakafuni na kishikwambi magotini, akiuliza lile lile tena na tena: "Mama? Mama, uko?" Kwenye kioo palikuwa na ukurasa mmoja wa mwandiko mdogo, umekatwa pembeni kwa kuwa haukutosha. Mtoto aliusukuma kwa kidole ukaenda kushoto, ukarudi.

"Kimeharibika," Mshai alisema. "Anti, unaweza kukitengeneza? Wewe si ndiyo kazi yako?"

Mwadime alimtazama mkewe, akajua kabla hajaambiwa.

"Hakijaharibika," Wakesho alisema. "Nimeyafunga maneno ya mama yako. Yako yote hapo, hakuna lililopotea. Ila hayawezi tena kujibu."

"Yafungue."

"Hayafunguki, Mshai."

Mtoto hakupiga kelele. Wakesho alikuwa amejiandaa kwa kelele. Mshai alikiweka kishikwambi sakafuni taratibu, kioo kikitazama chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi amekufa," akaenda chumbani.

Mwadime alifunga mlango wa sebule. "Kwa nini?"

"Alimwambia asiende nami. Maneno ya barua nyingine kabisa, Mwadime, juu ya mpangaji wa duka. Naweza kukuonyesha. Mashine ilikuwa inamlisha mtoto..."

"Ningeelewa kama ungefunga barua hiyo moja. Umefunga yote. Umefunga na zangu, alizoniandikia mimi." Alizungumza polepole, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. "Umefunga kwa sababu ya Mshai, au kwa sababu yangu?"

Ilikuwa rahisi kusema Mshai. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Kwa sababu yangu mimi," Wakesho alisema. "Nilichoka kuwa mgeni wake. Nilitaka siku moja niamke nikute jikoni hakuna mtu."

Mwadime alitikisa kichwa kukubali, na kukubali kule kulimuumiza zaidi ya tusi. Asubuhi yake alimpeleka Mshai kwa nyanya yake huko Mgange, na aliporudi alihamishia blanketi lake sebuleni. Walisalimiana. Waliulizana kama maji yapo. Wakesho aliamka kila siku akaingia jikoni, na hakukuwa na mtu. Alipika kwa ajili ya watu wawili wasiotazamana, akagundua kwamba kile alichokuwa akikitamani kilikuwa na baridi.

Wivu wenyewe haukwisha. Alikuwa amedhani ataufunga pamoja na zile kurasa. Sasa alimwonea Mkamburi wivu kwa namna mpya, kwa sababu hata akinyamazishwa bado watu walimlilia, na yeye aliye hai, mwenye sauti, hakuna aliyemwuliza kitu.

*

Muhula mpya ulikuwa umeshika kasi Mshai alipoingia Nyumba ya Hati, na sare ya shule, nywele zimelowa ukungu. Hakupita kaunta ya wafanyakazi kama zamani. Alichukua foleni, akangoja nyuma ya watu, na zamu yake ilipofika akaketi kwenye kiti cha mteja.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba, Mshai. Nyanya hajambo?"

"Hajambo." Aliweka kishikwambi mezani. "Nimekuwa nikisoma. Nilianza ukurasa wa kwanza. Nimeifikia ile barua ya mtu wa duka. Aliyetabasamu kwa meno ni yeye, si wewe."

"Najua."

"Ulijua kabla hujafunga?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukunionyesha?"

Wakesho aliweka mikono yake mezani. "Kwa sababu ningekuonyesha ungeniamini mara hiyo moja, halafu ungeendelea kumwuliza yeye mambo yote. Nilimwonea wivu mama yako. Bado ninamwonea."

Mshai alimwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kama daraja litamhimili. Hakusema amesamehe. Aligusa kioo, akatoa ukurasa.

"Hapa kuna mistari ameikata. Mashine ile haikuwahi kunisomea hapa. Nyanya haoni, na kioo changu ni kidogo. Wewe una kioo kikubwa."

Wakesho alielewa. Hati hai haikubeba yaliyokatwa. Mwandishi akipiga mstari juu ya maneno, Mshonaji aliyahesabu kuwa hayapo. Lakini ukurasa uliofungwa ni picha ya mkono ulioandika na mkono uliofuta. Aliuhamishia kwenye kioo chake, kilichomtazama yeye peke yake, akaukuza mpaka herufi zikatokeza chini ya mistari kama mawe chini ya maji.

*Nimechoka na mtoto huyu. Analia tangu jana. Ningekuwa na mahali pa kumwacha leo, ningemwacha, nirudi kwetu nilale.*

Kitu kiliruka ndani ya kifua cha Wakesho, na alikitambua mara moja: ilikuwa furaha. Huyu hapa. Yule mama wa jikoni aliyekuwa hanuni. Furaha ile ilidumu kadiri ya pumzi moja, ikafuatwa na aibu kubwa kiasi kwamba masikio yake yaliwaka moto.

"Yanasemaje?" Mshai aliuliza.

Mtoto hakuweza kuona kioo. Wakesho angeweza kusema lolote. Angeweza kusema *leo mtoto amelala vizuri, namshukuru Mungu,* na Mshai angeondoka na maneno hayo maisha yake yote. Hata ile aibu ilimsukuma huko. Lakini aliona hiyo ingekuwa nini: yeye naye akishona, tena bila hata uzi wa marehemu.

"Si maneno mazuri," alisema. "Aliyakata mwenyewe. Nikisoma, nasoma yalivyo. Unataka?"

"Soma."

Alisoma. Hakuyalainisha wala hakuyakaza. Alipomaliza, uso wa Mshai ulikuwa umekuwa mdogo.

"Mimi ndiye huyo mtoto?"

"Wewe. Ulikuwa na miezi mitatu, tarehe inaonyesha."

"Ukurasa unaofuata unasemaje? Amesema samahani?"

Wakesho alifungua ukurasa unaofuata, akausoma kimya hadi mwisho, akitafuta kwa hamu ambayo ingemshangaza siku chache tu nyuma. Alitaka Mkamburi aseme kitu. Alitamani kwa moyo wote, yeye mke wa pili, kwamba mwanamke yule awe ameandika neno moja la huruma.

"Hakuna, Mshai. Ni bei ya mabati. Wanaezeka jikoni."

"Hakuna kabisa?"

"Mabati tu, na misumari."

Machozi ya Mshai yalidondoka kwenye sare. Wakesho alizunguka meza, akavuta kiti, akaketi kando yake, si karibu sana, akageuza kioo kikubwa ili wote wawili wakione. Nyuma yao mteja mmoja alikohoa. Bi. Wawuda akatoka ofisini, akamwita mteja huyo kwenye kaunta yake mwenyewe.

"Tuendelee?" Wakesho aliuliza.

"Endelea wewe. Mimi macho yananiuma."

Akaendelea. Mabati yakafika, yakawa mafupi. Mvua ikanyesha ndani ya jikoni. Mkamburi akagombana na fundi, akagombana na Mwadime, akamwandikia dada yake kwamba ndoa ni kitu cha watu wenye nguvu. Alikuwa na hasira za karibu huyu mwanamke, na kalamu nyepesi, na Wakesho akajikuta mara mbili akicheka mahali ambapo hakukusudia. Kisha wakafika kwenye siku ambayo mbuzi wa jirani aliingia ndani, akala ratiba nzima ya kipindi cha redio, na mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza maishani.

"*Nimesahau mbuzi,*" Wakesho alisoma, "*nimesahau na kipindi. Nimemgeuza nimwone uso. Cheka tena, nimemwambia. Cheka tena, mwanangu wee.*"

Maneno hayo yalikuwa hayajawahi kupita kinywani mwake.

"Siyo hivyo," Mshai alisema. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea ukingo wa meza, macho ameyafumba. "Mama hakuwa analikata hapo. Alikuwa anavuta mwisho. *Mwanangu weee.* Mpaka pumzi iishe."

Wakesho alirudi mwanzo wa mstari. Alivuta pumzi, akasoma tena, na safari hii alipofika mwisho akauvuta.